Mirija Kumi na Miwili ya Tope

Mjomba wangu Sadala Mbelwa alifariki mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka 1974. Alioshwa, akaswaliwa, akazikwa. Mwezi wa tano akaandikwa kwenye daftari la kijiji kama mkuu wa kaya, mtu mwenye afya njema na nguvu za kulima. Huyo mwenye afya njema nilikuwa mimi. Watu ninaowasimulia habari hii hucheka wakifika hapa, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Jina langu ni Muhidini Singano. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, msaidizi wa maabara kwenye shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Nilikuwa na chumba Kilole, baiskeli, koti jeupe la kazi, na majivuno makubwa kuliko cheo changu. Kazi yetu, mimi na mwenzangu Ponsiano, ilikuwa kupima udongo wa mashamba: una uchachu kiasi gani, unataka chokaa kiasi gani. Ponsiano alikuwa mjukuu wa manamba aliyeletwa kutoka Songea kukata mkonge, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Nilimpenda, ila nilimdharau kidogo. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana nimeonewa katika kila jambo.

Majivuno yangu yalizidi baada ya meli. Mwezi wa pili mwaka ule, meli ya utafiti ya Wazungu ilitia nanga Tanga ikaomba mtu mwenye uzoefu wa maabara, wa kuwasaidia kwa siku arobaini. Shamba likaniazima mimi. Walikuwa wakiteremsha bomba refu la chuma mpaka chini kabisa ya bahari, mbali na pwani, mahali ambapo mwanga haufiki, wakalizamisha kwenye tope na kulivuta likiwa limejaa. Sisi wa maabara tulilipasua tope lile kwa urefu wake, tukaona lilivyojipanga kwa matabaka, jipya juu na la zamani chini. Kila urefu wa kiganja ulikuwa maelfu ya miaka.

Tabaka la juu lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo uliolowa. Ukilisugua kati ya vidole lilikwaruza, kwa sababu lilikuwa maganda ya viumbe wadogo wa baharini. Chini yake likafuata tabaka jeusi linalonuka yai viza. Chini tena jeupe. Chini tena jeusi. Mkuu wa maabara ya meli, mama mmoja wa Kizungu aliyekohoa mchana kutwa, alinieleza kwamba zamani dunia ilipokuwa na baridi kali, maji mengi yaligeuka barafu huko kaskazini na bahari ikashuka zaidi ya mita mia moja. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda tena. Imepanda na kushuka hivyo mara nyingi. Tabaka jeusi, alisema, ni la wakati wa bahari kushuka, lakini kwa nini liwe jeusi, hapo yeye na wenzake walikuwa bado wanabishana.

Nikalishika lile tope jeusi nikalitazama kwenye taa. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vinavyometa na chembe nyekundu. Nilikuwa nimepima udongo wa Korogwe kwa miaka minane. Udongo wa milima ya Usambara naujua, na mchanga wa Mto Pangani naujua kama mlango wa kwetu. Nikamwambia yule mama kwamba hili ni tope la mto wetu. Akaacha kukohoa, akanitazama.

Tulizungumza siku tatu. Mwishowe akanipa mirija kumi na miwili, kila mmoja umekatwa pale tabaka jeupe linapokutana na jeusi, umezibwa kwa nta pande zote mbili. Nikapime chokaa na salfa kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa mrija hadi mwingine, nimpelekee takwimu kabla ya tarehe thelathini Juni. Zikithibitisha nilichosema, jina langu lingechapishwa kwenye ripoti ya safari, Muhidini Singano wa Korogwe. Sharti lilikuwa moja: hewa isiingie. Weusi ule ni chuma na salfa vilivyoungana mahali pasipo hewa. Hewa ikiingia, weusi hugeuka kutu, salfa hugeuka tindikali, na tindikali huyala maganda meupe. Tope linajifuta lenyewe, na meli haikuwa inarudi.

Niliporudi Korogwe nikaiweka mirija kwenye friji ya mafuta ya taa ya maabara, ndani ya boksi, nikamwambia Ponsiano asiguse. Aliuliza ni nini. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya bahari. Niliogopa asije akamdokeza bwana shamba, mkubwa wetu wa kazi, naye akalifanya jambo lake. Na ninakiri, nilipenda kuwa na kitu ambacho mwenzangu hakijui. Nikaagiza dawa za kupimia kutoka Dar es Salaam, nikasubiri.

Mjomba alifariki nikiwa baharini, kwa hiyo mazishi sikuyawahi. Kwetu Wazigua hilo ni doa. Baba yako ni baba yako, lakini ukoo wako ni wa mama, na mjomba akifa, mtoto wa dada yake ndiye anayetazamwa. Arobaini yake singethubutu kuikosa. Dawa zilipofika mwanzoni mwa mwezi wa tano niliziweka kabatini bila kuzifungua, nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi mpaka Mkata, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani nikiwa na nguo za siku mbili.

Baada ya hitima, mama yangu, Amne, aliniketisha kwenye kigoda cha marehemu, akanifunga kitambaa cha kaniki shingoni, akaniita kwa jina la kaka yake. Watu wakaja mmoja mmoja kunisalimu. Binti zake mjomba wakaniita baba. Mjane wake Zuena, anayenizidi miaka kumi na ushei, aliniamkia shikamoo nikaona haya. Mambo ya kurithi wajane yalishaachwa. Kilichobaki ni jina. Kwa desturi yetu jina la mtu haliachwi chini. Lazima apatikane wa kulibeba, na kulikana ndani ya mwaka wa kwanza ni kumtukana marehemu kaburini. Ilikuwa heshima tupu. Unalibeba, unawaangalia wajane na watoto, unarudi kwenye shughuli zako.

Kesho yake asubuhi malori yakaja. Mwaka ule ulikuwa wa Operesheni, watu wanatolewa kwenye vitongoji vyao na kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Tulijua ipo siku, ila siku haikutajwa. Kwenye lori la kwanza alikuwamo katibu wa kijiji kipya cha Kwemkunga, kijana mmoja aitwaye Filemoni, na daftari jipya kabisa. Aliwekewa meza uani kwetu, akauliza nyumba hii ni ya nani. Watu wakajibu ni ya Sadala. Akauliza kama yupo. Wakajibu yupo, huyu hapa. Hawakusema uongo. Kwa jinsi tulivyolelewa, Sadala alikuwapo, amevaa kaniki shingoni.

Filemoni hakuinua macho. "Sadala Mbelwa ndiye wewe?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na Zuena, na ukoo mzima, siku moja tu baada ya kupewa jina. Nikasema ndiye mimi. Miaka ya mjomba, hamsini na minane, ilitajwa na mtu mwingine, ikaandikwa. Nilicheka kimoyomoyo, nikafikiri nitalisawazisha kesho.

Kesho yake, tukiwa tumeshahamishiwa Kwemkunga, nilimwendea Filemoni kwenye kibanda chake nikamweleza. Alinisikiliza vizuri sana. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema mkuu wa kaya haruhusiwi kutoka mpaka nyumba zijengwe na shamba la pamoja lipandwe, isipokuwa kwa barua yake. Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Akakisoma mbele na nyuma, akasema kitambulisho ni cha Muhidini Singano, na Muhidini Singano hayumo kwenye daftari lake, kwa hiyo hawezi kumwandikia barua ya kutoka mtu ambaye hakuingia. Sadala Mbelwa yumo, lakini Sadala Mbelwa hana kazi Korogwe. Ikiwa Sadala amekufa, basi mtu alitoa taarifa ya uongo kwa serikali, na hapo angependa kujua ni nani. Nikarudisha kitambulisho mfukoni.

Wiki ya kwanza niliipitisha kwa hasira. Nilikata miti ya kujengea huku nikihesabu siku. Nta ya mirija ilitegemea baridi ya friji, na friji ilitegemea mafuta ya taa, na mafuta ya taa mwaka ule yalikuwa ya kubahatisha. Niliona mirija ile kichwani nikiwa nakula, nikiwa naoga, nikiwa nimebeba mti begani. Nilituma barua Korogwe kupitia dereva mmoja wa lori kumwambia bwana shamba kwamba nimekwama. Kuhusu mirija sikuandika kitu, kwa sababu barua ingepita mikono ya Ponsiano, nami bado nilikuwa na siri yangu.

Siku ya tisa nikatoroka. Nilivua kaniki, nikavaa shati safi, nikatembea mpaka Mkata nikapanda basi la Korogwe kama mfanyakazi yeyote. Mgambo waliingia kukagua. Yule aliyefika kwenye kiti changu alikuwa kijana wa kwetu, aliyekula pilau ya hitima kwa mikono miwili. Akanisalimu kwa heshima zote, shikamoo mjomba Sadala, akanibebea mfuko wangu, akaniteremsha. Abiria wakanitazama kwa huruma wakidhani nimefiwa. Njia nzima ya kurudi Kwemkunga alinizungumzisha habari za mvua.

Baada ya hapo sikuwa na hasira tena, nilikuwa na woga. Nikaivaa tena kaniki, na kila asubuhi niliitikia Sadala kwenye mahudhurio. Nililima shamba la pamoja kama Sadala, nikapokea unga wa njano kama Sadala. Watu waliniuliza ushauri wa mipaka ya mashamba niliyokuwa siyajui, nami niliwajibu. Kuna siku Filemoni aliita Muhidini, akimaanisha mtu mwingine kabisa, mzee mmoja wa upande wa pili, nami sikugeuka. Nilipolitambua hilo nilikaa chini kwenye tuta, nikashindwa kuendelea na jembe.

Jambo moja tu lilikwenda vizuri. Kwa kuwa kaya yetu ilikuwa na mwanamume mwenye nguvu, tulipewa kiwanja mstari wa mbele, karibu na barabara na bomba la maji. Kaya za wajane zilikuwa zinapelekwa mstari wa mwisho, ukingoni mwa korongo. Nilimjengea Zuena na binti zake nyumba ya vyumba vitatu, na nyumba ile ilisimama wima.

Tulikuwa tunaikandika, mimi na mama, katikati ya mwezi wa sita, yeye ndani, mimi nje, tunabandika udongo kwenye fito na kuusawazisha kwa viganja. Mama hakuwa mtu wa maswali. Siku ile aliniuliza kupitia matundu ya ukuta: "Hilo tope lako la Korogwe lina nini mpaka hulali?"

Nikataka kumjibu kwamba hayo ni mambo ya bahari. Lakini nilikuwa nimechoka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

"Mto Pangani unabeba udongo wa milimani," nikamwambia. "Siku hizi bahari iko juu. Mto ukifika mdomoni, bahari inauzuia, mzigo wote unakwama pwani, kwenye mikoko. Kule mbali chini hakifiki kitu, isipokuwa maganda meupe yanayodondoka taratibu kutoka juu. Ndiyo maana tope la siku hizi ni jeupe."

"Na bahari ikishuka?"

"Ikishuka, pale pwani panakuwa nchi kavu. Mto unapita juu yake moja kwa moja hadi kwenye mteremko wa bahari, unamwaga mzigo wake wote vilindini. Udongo mwekundu, majani, kila kitu. Majani yanaoza, yanamaliza hewa iliyomo ndani ya tope. Wanabaki vijidudu wanaoishi bila hewa, na hao ndio wanaotoa harufu ya yai viza. Harufu ile ikikutana na chuma cha udongo mwekundu, tope linakuwa jeusi."

Nikasikia kiganja cha mama kikipita ukutani. Kisha akasema: "Kwa hiyo bahari ikipanda mzigo unakwama, na kule chini hawajui kama huku juu kuna mto."

"Hawajui."

"Na ukutani mwa hilo tope kumeandikwa mara ngapi bahari imepanda na kushuka."

"Kumeandikwa. Na hewa ikiingia kunafutika."

Aliniuliza tarehe. Nikamwambia tumebakiwa na siku kumi na tano, na kupima kwenyewe ni kazi ya siku nne. Alichovya mkono kwenye ndoo akaendelea kukandika, nami nikaona aibu kidogo kwamba nilikuwa nimemdhania hataelewa.

Tarehe ishirini na nne kulikuwa na mkutano wa kijiji. Filemoni alisoma mambo yake, akauliza kama kuna mwenye shida. Mama akasimama. Nilidhani atasema habari ya bomba. Alipita katikati ya watu mpaka nilipokaa, akashika fundo la kaniki shingoni mwangu, akalifungua. Lilikuwa limekaza kwa jasho, ikamchukua muda. Watu wa ukoo walielewa kabla yangu, mzee mmoja akasema Amne, acha. Hakuacha.

"Mimi ndiye niliyempa huyu jina la kaka yangu," alisema, akimtazama Filemoni, "na mimi ndiye ninayelichukua. Kaka yangu Sadala amekufa. Andika amekufa. Huyu ni mwanangu Muhidini, ana kazi yake Korogwe. Kama kuna aliyedanganya, ni mimi."

Jina lililochukuliwa hivyo halipewi mtu tena. Hakuna mpwa mwingine atakayelibeba, hakuna mtoto atakayepewa. Mama alikuwa ndugu wa pekee wa mjomba, tumbo moja, na alikuwa amelimaliza jina lile kwa mkono wake, mchana, mbele ya watu mia tatu. Nilitaka kuinuka niseme hapana, mimi ni Sadala. Naapa nilitaka. Lakini nilihesabu siku sita, nikakaa kimya. Ukimya ule najua ulivyo mzito, kwa sababu ninao mpaka leo.

Filemoni hakumkamata mtu. Alichukua rula na kalamu ya wino mwekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la mjomba. Akaniandikia barua. Kisha, kwa sauti ileile ya haki, akasema kaya ya Zuena haina tena mwanamume, kwa hiyo itahamia mstari wa mwisho, na nyumba ya mbele atapewa mwingine. Zuena alijifunika kanga usoni akaondoka mkutanoni.

Alfajiri nilipopita kumuaga alikuwa ameshaanza kukunja mikeka. Nilimwomba radhi. Alinipa mihogo miwili ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani. "Nenda, mwanangu," alisema, kama vile hajawahi kuniamkia shikamoo. "Korongoni si mbali." Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Wazee wawili wa ukoo walipita, akawasalimu, hawakuitikia.

Ndani ya basi nilikuwa na furaha. Siwezi kusema vingine. Tulipita Segera, mashamba ya mkonge yakaanza, nikapanga kazi yote kichwani: siku ya kwanza mrija wa kwanza hadi wa tatu, siku ya pili hadi wa sita. Mama amelipa, nami sitaiacha ile hasara iende bure. Nilipoona maji ya Pangani karibu na Korogwe ya zamani, mekundu, yamejaa udongo wa mlimani, nilikaribia kuwaeleza abiria. Niliteremka, sikwenda hata Kilole kuoga. Nikaenda moja kwa moja maabara.

Ponsiano aliniona kutoka dirishani akatoka mbio, akanikumbatia. Alinishika mkono kuniingiza ndani. Alisema mafuta ya taa yalikwisha wiki mbili zilizopita. Amezunguka mji mzima, maduka yote, hakuna hata tone. Friji ikapata joto, nta ikaanza kulainika, na lile tope likaanza kunuka. Alisema aliogopa sana. Alijua ni kitu ninachokithamini, hakujua nitarudi lini, akasema haiwezekani ndugu yangu arudi akute limeoza.

"Kwa hiyo nimekuandalia kila kitu," alisema. "Wewe ni kupima tu."

Juu ya meza kulikuwa na mifuko kumi na miwili ya karatasi, imepangwa mstari mmoja. Kwenye maabara yetu, udongo wowote unaoingia hukaushwa, ukatwangwa, ukachekechwa, ndipo ukapimwa. Hiyo ndiyo kazi tuliyofundishwa, na Ponsiano aliifanya bora kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa ameikamua mirija yote juu ya magazeti, akalianika tope kivulini siku tatu ili jua lisilichome, akatwanga la kila mrija peke yake, akaosha kinu kila mara asije akachanganya namba. Juu ya kila mfuko aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Ndugu Muhidini Singano, tope la bahari, namba fulani.

Nilifungua mfuko wa saba. Mlikuwa na unga wa rangi ya ugoro. Nilinusa, haukuwa na harufu yoyote. Jeupe na jeusi vilikuwa vimetwangwa pamoja, na weusi ulikuwa kutu. Kati ya unga mlikuwa na vichembe vinavyong'aa kama chumvi, yale mabaki ya tindikali ikishamaliza kula chokaa. Nikamimina tone la asidi. Unga wa maganda ulipaswa kutoa povu. Yalitoka mapovu mawili matatu, yakaisha. Nikajaribu wa tatu, wa tisa, wa kumi na mbili. Nilikuwa na mifuko kumi na miwili ya kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinasema kwamba bahari haijawahi kusogea.

Ponsiano alisimama pembeni, mikono nyuma, anangoja. Nilitaka kumpiga. Nilitazama mikono yake, kucha zimejaa tope langu, nikashindwa. Pale Kwemkunga saa ile Zuena alikuwa anabeba mikeka kwenda korongoni. Mama alikuwa amemzika kaka yake mara ya pili.

"Nimekosea," alisema Ponsiano. Alikuwa ameuona uso wangu.

Nikamwambia kwamba ile harufu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ule uchafu mweusi ndio uliokuwa jibu. Hewa ndiyo haikutakiwa. Alivuta kiti akakaa, akaitazama mifuko yake mmoja baada ya mwingine.

"Hukuniambia," alisema taratibu. Hakuwa anajitetea, alikuwa anauliza. "Ni jambo gumu sana? Ingekuchukua muda mrefu kunieleza?"

"Mama yangu hajui kusoma," nikamwambia. "Nilimweleza tukiwa tunakandika ukuta mmoja. Alielewa kabla hatujaumaliza."